Feni Tuliyowaficha Wageni

Feni niliimaliza mimi. Naandika hivyo mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikijipa aya tatu za utangulizi, nitapata njia ya kusema kwamba iliisha yenyewe. Kwa miaka miwili nimesema hivyo. Nilimwambia dada yangu, nikawaambia shangazi zetu waliokuja matangani, nikamwambia hata daktari ambaye hakuwa ameniuliza. "Niliikuta imekufa," nilikuwa nikisema, kana kwamba nazungumzia kuku.

Msomaji wa Mombasa au Kisumu atajiuliza feni ilikuwa inatafuta nini Othaya. Ana haki. Kwetu milimani mtu huoga kwa kupanga, na Julai ukungu huingia jikoni asubuhi na kukaa kama jamaa aliyekuja kuomba kitu. Upepo kwetu ni adui. Mtoto mchanga huvishwa sweta tatu na kofia hata jua likiwaka, na mgonjwa hufungiwa madirisha yote, kisha anaongezewa blanketi, kisha watu wanashangaa kwa nini anatoka jasho. Mtu akifa, awe ameugua nini, lazima atatokea mmoja wa kusema kwamba ni baridi ilimwingia.

Kwa hiyo nilipoinunua ile feni, Nanyuki, katika duka linalouza mahema na tochi, mwenye duka aliniangalia juu hadi chini.

"Feni? Madam, unahamia Mombasa?"

"Ni taa," nikamwambia. "Nataka taa. Hiyo feni imekuja nayo tu."

Kweli ilikuwa na taa. Ilikuwa feni ya kuchaji, ndogo, ya kusimama mezani, yenye balbu kwenye kitako na tundu la kuchajia simu pembeni. Huku kwetu hakuna anayemuuliza mtu kwa nini amenunua taa ya kuchaji. Stima hupotea mvua ikinyesha, hupotea upepo ukivuma, na siku zilizo shwari kabisa hupotea pia, ili tusisahau. Lakini taa nilikuwa nazo nne. Feni niliitaka kwa sababu nilikuwa nimeanza kuungua.

Wanawake wa umri wangu watanielewa. Joto lilikuwa linaanzia kifuani bila hodi, linapanda shingoni, linafika masikioni, na kwa dakika chache mimi ndiye mtu pekee katika kaunti nzima ya Nyeri aliyetamani kuvua. Wakati huo nilikuwa nimeandika makala ndefu kuhusu aibu wanayofundishwa wanawake juu ya miili yao inayozeeka. Makala ilisifiwa. Nami nilikuwa natembea na kitambaa cha kufutia jasho nilichokificha ndani ya kitabu, na aliyeniuliza kama hedhi imenikoma nilimwambia bado sana.

Mama alikuwa na shida nyingine. Alikuwa amepika kwa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Kutoka kitandani hadi sebuleni alihitaji kupumzika mara mbili. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yakakaa huko, kama mtu anayesubiri kupigwa. Muuguzi aliyekuja kumwona nyumbani alisema jambo lililotushangaza sote.

"Mpepeeni usoni. Upepo mdogo tu, kwenye mashavu na pua. Hautamponya, lakini utamtuliza."

"Kumpepea mgonjwa? Na baridi hii?" dada yangu akasema. Dada ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya wasichana, na hata swali lake huwa na sauti ya adhabu.

"Jaribuni," muuguzi akasema.

"Taa" yangu ilikuwa ndani ya gari. Nikaileta, nikaiweka juu ya stuli mbele ya Mama, nikabonyeza namba moja. Mama akafumba macho. Polepole yale mabega yakaanza kushuka. Tulikuwa hatujayaona yakishuka tangu Krismasi. "Nimepata pumzi," akasema kwa Kikuyu, kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani.

Dada alinikumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipomkataa mchumba aliyenitafutia yeye.

"Ulijuaje?"

"Nilisoma mahali," nikasema.

Hivyo ndivyo feni ilivyokuwa ya Mama, na mimi nikawa binti mwema. Mama peke yake ndiye aliyeuliza. Alingoja dada aende jikoni, akaniambia, "Na wewe sasa utatumia nini?"

"Kutumia nini kwa nini?"

"Naona unavyofungua vifungo vya sweta kanisani."

"Ni sweta mbaya, Mama. Inawasha."

Akanitazama. "Haya," akasema, akarudisha uso wake kwenye upepo.

Mimi na dada tulimtembelea kwa zamu, lakini aliyekaa naye siku zote alikuwa mama mmoja wa rika langu, mjane kutoka magharibi, ambaye wanawe walikuwa wameshakua. Tulimwita anti, kama wanavyoitwa wote wanaotunza nyumba za watu. Mama hakuwa na Kiswahili cha maana na anti hakuwa na Kikuyu, kwa hiyo walitengeneza lugha yao wenyewe. Sisi wenye digrii tulikaa kando tukiisikiliza.

"Wewe anti, kuja. Hii kitu iko na moto ama imekufa?"

"Iko na moto, mama."

"Basi reta hapa kwa pua. Si huko kwa masikio, mimi si redio."

Wakacheka hadi Mama akakohoa, na anti akampigapiga mgongo huku bado anacheka.

Mwezi wake wa kwanza kwa Mama, feni ilianguka kutoka kwenye stuli na ubawa wake mmoja ukapasuka. Tangu siku hiyo ikawa inalia: tak, tak, tak. Mama alisema inatembea na kiatu kimoja. Dada alibandika ratiba kwenye friji: stima ikirudi, feni kwanza, simu baadaye, taa nyekundu, chaji, taa ya kijani, chomoa. Anti aliifuata ratiba hiyo vizuri zaidi kuliko wanafunzi wa dada wanavyofuata zao.

Tatizo lilikuwa wageni. Shangazi mmoja aliwahi kuingia ghafla akakuta Mama amekaa mbele ya feni mwezi wa Juni. Alimwongezea Mama blanketi ya tatu, akafunga dirisha, akaomba dua ndefu akiwa amenikazia macho. Tulijua habari ingefika sokoni kabla ya jioni: wale wasichana waliosoma wanampepea mama yao baridi ili afe warithi shamba. Kwa hiyo tukaweka sheria, na sheria hiyo hatukuiandika kwenye friji. Mgeni akibisha hodi getini, feni inakwenda kwenye chumba ninacholala mimi, na Mama anavumilia hadi mgeni aage. Sote tulikubali. Hata mimi, niliyeandika dhidi ya ushirikina katika kurasa za gazeti, niliona ni busara.

Jumapili niliyoimaliza feni ilikuwa zamu yangu. Stima ilikuwa imepotea tangu Ijumaa, baada ya mkaratusi kuangukia nyaya kule chini, karibu na kituo cha majani chai. Jumamosi anti aliifunga feni kwenye leso, akaibeba mgongoni kama mtoto ili watu wasiulize, akapanda nayo hadi sokoni kwa kinyozi mmoja mwenye sola. Alikaa pale kwenye benchi kutwa, kati ya wanaume waliongoja kunyolewa. Aliporudi aliifunua, akanionyesha. Taa ilikuwa ya kijani. Niliiona kwa macho yangu mawili. Nalisema hili kwa uangalifu kwa sababu ndilo nililokuja kulikana.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, akina mama wa kanisa wakaja kumwona mgonjwa. Walikuwa kumi na wawili, na thermosi za uji, na ndizi, na mkate. Sauti zao ziliposikika getini anti alinyanyua feni, akaipeleka chumbani kwangu, akarudi kufunga madirisha. Mama akawekwa kwenye kiti chake katikati ya sebule, na blanketi mbili, na watu kumi na watano wakaanza kuvuta hewa ile ile moja.

Nilimimina chai. Nilisalimia kila mkono. Katikati ya wimbo wa pili likanijia, hilo joto, baya kuliko siku zote. Nilihisi jasho likishuka mgongoni. Mama mmoja akaniangalia shingo. Nikasema naenda kuchukua sukari, nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Feni ilikuwa kitandani.

Nilisema ni dakika tano. Niliibonyeza namba tatu. Mama hatukuwahi kumwekea namba tatu, ilikula chaji kama moto wa mabua. Nikavua sweta, nikalala chali, nikaiweka karibu na shingo yangu. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanaomba. Sikuwa nimelala vizuri wiki nzima. Raha ile siwezi kuieleza bila kuona haya, kwa hiyo nitasema tu kwamba nililala.

Nilipoamka shuka ilikuwa imelowa na feni ilikuwa imenyamaza. Kando ya kitanda palikuwa na glasi ya maji ambayo sikuiweka mimi. Niliyanywa bila kuwaza. Wageni walikuwa wameanza kutoka, wakiagana kwa ile namna yetu ya kuagana mara nne. Nikatoka sebuleni.

Mabega ya Mama yalikuwa masikioni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Anti alikuwa amepiga magoti mbele yake akimpepea kwa kalenda ya ukutani. Aliponiona alikimbilia chumbani, akarudi na feni, akabonyeza. Akabonyeza tena. Taa nyekundu iliwaka kidogo, ikazima. Aliitazama feni, halafu akanitazama mimi, na nywele zangu zilizolala upande mmoja.

Nikafungua madirisha yote. Nikaleta gari. Hospitalini walimpa oksijeni na akapata nafuu kidogo, ya kutosha kumwambia anti kitu ambacho sikukisikia. Jumanne asubuhi akatutoka.

Daktari alisema mapafu yalikuwa yamefika mwisho kitambo na feni isingebadilisha siku. Namwamini. Sentensi hiyo nimeitembeza kichwani kama mwavuli kwa miaka miwili. Lakini hainifuniki pote. Kwa saa nzima mama yangu alipigania pumzi katika nyumba yake mwenyewe, na kitu pekee kilichokuwa kinamtuliza kilikuwa upande wa pili wa ukuta, shingoni mwangu. Jambo nililotaka kujua ni moja, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza bila kwanza kukiri: je, alijua? Alidhani feni imefichwa tu kama kawaida, au aliondoka akijua niko nayo?

Pale kwenye ukumbi wa hospitali, Jumapili ile ile, dada, aliyekuja mbio na kusikia kwamba feni haikuwaka, alitugeukia.

"Nani hakuchaji feni?"

"Nilichaji jana," anti akasema. "Ilikuwa kijani."

"Mbona ilikuwa imekufa?"

Wakaniangalia wote wawili.

"Niliikuta imekufa," nikasema.

Anti alinitazama kwa muda. Halafu akatazama viatu vyake. "Labda betri imezeeka," akasema.

Dada hakuamini. Baada ya mazishi alimwambia anti kwamba kazi imeisha, jambo lililokuwa wazi kwa kila mtu, lakini alimwambia bila kumpa mkono, na kwetu hilo ni tamko. Mimi nilimbebea anti begi lake hadi stendi. Njia nzima tulizungumza kuhusu mvua.

Feni nikaihamishia kwangu, Nyeri mjini. Naitumia. Ndiyo, naitumia. Inalia tak, tak, nami nakaa mbele yake nikiandika makala kuhusu viongozi wasiosema ukweli.

Mwezi uliopita dada alikuja kwangu kunywa chai. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na tulipasha maziwa kwa gesi. Alikuwa anapaka mkate siagi aliponiambia kwamba amepigiwa simu na familia moja ya Naro Moru. Wana mzee wao mgonjwa, walitaka kumwajiri yule anti wetu, naye aliwapa namba ya dada ili wamuulize.

"Alikuwa na ujasiri wa kutoa namba yangu," dada akasema. "Basi nikawaambia ukweli. Kwamba alimwacha mama yetu bila pumzi, halafu akadanganya."

Akauma mkate.

"Feni niliimaliza mimi," nikasema.

Aliendelea kutafuna kidogo, kama mtu ambaye mdomo wake haujapata habari.

"Siku ile?"

"Siku ile. Ilikuwa kijani. Nililala nayo chumbani wageni wakiomba."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na joto."

Sijui kama kuna sentensi ya kipuuzi zaidi ya hiyo inayoweza kusemwa Nyeri. Dada aliweka mkate chini. Aliitazama chai hadi ikafanya ngozi juu. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningeshukuru. Badala yake alichukua simu yake akapiga Naro Moru.

"Ni mimi tena," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Yale niliyowaambia juu ya yule mama si kweli. Mwajirini." Akasikiliza. "Naelewa. Naelewa. Asante."

Akakata. "Wameshapata mwingine."

Halafu akanisukumia simu yake mezani, namba ya anti ikiwa juu ya kioo. "Piga kwa simu yako. Nikiwa hapa."

Simu yangu ilikuwa karibu kuzima. Sehemu pekee yenye chaji ndani ya nyumba ilikuwa feni. Nikachomeka waya kwenye lile tundu la pembeni, nikainamia meza, nikapiga.

Anti alipokea kukiwa na kelele za maji. Alikuwa Nanyuki, anafua mashuka ya hoteli.

"Mwalimu!" akasema. Sikuwahi kufundisha popote. Aliniita hivyo kwa sababu ya miwani. "Habari ya siku nyingi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno miaka miwili na yote yakanitoka vibaya. Nikamwambia kuhusu feni, na kuhusu hospitali, na kuhusu Naro Moru. Kelele za maji zikakoma. Nadhani alifunga mfereji.

"Hiyo ya Naro Moru ndiyo sikujua," akasema polepole. "Nilikuwa naingoja hiyo kazi. Hiyo ingine najua."

"Ulijuaje?"

"Mwalimu, si ilikuwa inalia tak tak? Na huo ukuta ni mbao."

Dada alikuwa amesogeza kiti karibu. Nikauliza swali langu.

"Na Mama?"

"Mama ndiye alisikia kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti. Nikamwambia kwa masikio, mama, wacha niende nilete hiyo kitu. Akanishika mkono. Akasema, 'Wacha. Iko na mwenyewe.'"

Nikaigeuza simu ili dada asikie.

"Kila saa wale wamama wakinyamaza, yeye anasikiza ukuta. Akaniambia, 'Sasa amerara.' Nikamwambia, na wewe je, mama? Akasema amezoea." Nilimsikia akivuta pumzi. "Hospitali nilitaka kusema. Lakini mama alikuwa ameniambia nisikuaibishe. Nilinyamaza kwa ajili yake. Haikuwa kwa ajili yako. Usinishukuru."

"Sikushukuru. Nisamehe."

"Ngoja nimalize. Hiyo feni ikaanza kuenda pole pole. Tak. Halafu tak. Halafu ikanyamaza. Mama alikuwa anahema sana saa hiyo. Akaniambia, 'Imekufa. Sasa ataamka na joto. Peleka yeye maji.'"

Dada alifunika mdomo kwa mkono.

"Nikaleta," anti akasema. "Nikaweka hapo kando, ulikuwa umelala. Uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Yote?"

"Yote," nikamwambia.